Kopo la Ugoro la Mzee Loth

Siku ile Mama Agape alishuka kutoka kijijini kwao Bombo, milimani, peke yake, na nilipomwona tu nikajua kuna jambo. Kwa miezi minne alikuwa akija na mumewe, mzee Loth, amemshika kiwiko, mkoba begani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akajitupa kwenye benchi. Nami nilikuwa hoi. Mimi ni nesi wa utafiti hapa Same, na wagonjwa thelathini pamoja na madaftari yao si kazi ya mtu mmoja, ila nani anasikiliza.

Mzee Loth ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono ilimtetemeka hadi akashindwa kufunga kifungo, na vidonge vikawa havimsaidii tena kama zamani. Mkewe alimvisha, alimlisha, alimgeuza kitandani, kisha akashika jembe. Huu ni mwaka wa tisa. Ndipo ukaja utafiti wetu: dawa imefungwa ndani ya chembe za polima, kitu kama plastiki inayoyeyuka mwilini, ndogo kiasi kwamba vumbi la barabara ya Bombo kwazo ni mawe. Mgonjwa anapuliziwa puani asubuhi, chembe zinapanda hadi kwenye ubongo bila kuzungukia tumboni, zinayeyuka na kuachia dawa taratibu. Sharti lilikuwa moja, nami nililirudia mpaka nikajichosha: puani kusiingie kitu kingine. Mama Agape alipewa daftari la kuweka alama kila siku sharti likifuatwa.

Mwezi wa pili mzee alikuja amejifunga mwenyewe vifungo vyote vya shati. Mkewe alikaa kwenye benchi lile lile akapitiwa na usingizi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilifurahi kuliko ninavyopenda kukiri. Mwezi wa tatu kutetemeka kukarudi. Wa nne kukazidi, na madaktari wakaanza kusema mbele ya Mama Agape kwamba huenda dawa yenyewe haifai. Daftari lilikuwa safi, kila siku ina alama yake.

Sasa Mama Agape alifungua mkoba, akaweka mezani kopo dogo la bati. Nililijua kabla halijafunguliwa. Wazee wengi wa kwao wanavuta ugoro tangu ujanani, na mzee Loth, ingawa ugonjwa umemnyima harufu zote, alikuwa bado anaupenda ule mwasho. Tulipomwandikisha nilimuuliza kama anatumia, akasema hapana, na hakudanganya. Alikuwa ameuacha kwa sababu vidole vilishindwa kufungua kifuniko, na mkewe, mwanakwaya wa Kilutheri, alikataa katakata kumfungulia.

"Mikono ilipotulia," alisema, "kitu cha kwanza alichofungua ni hili."

Nusura nicheke, na kicheko chenyewe kingekuwa cha uchungu. Dawa ilimpa vidole, vidole vikampa ugoro, na kila asubuhi, dakika chache baada ya kupuliziwa, alivuta ugoro akapiga chafya, dawa ikatoka yote. Mama Agape aliona aibu kuliandika hilo kwenye daftari. Nikamuuliza kwa ukali, ukali ninaoujutia: mikono ilipoanza kutetemeka tena, nani alikuwa akilifungua kopo?



"Mimi, mwanangu. Alikuwa ananiomba kutwa nzima. Nilichoka."

Alikuwa amekuja kwa sababu alisikia dawa inalaumiwa, na wapo wagonjwa wengine wanaoitegemea. Alitaka niandike yote kama yalivyo. Aliomba jambo moja tu, mumewe asiondolewe, maana ile miezi miwili ndiyo pekee aliyopumzika yeye katika miaka tisa. Nilimpigia simu Daktari Rodrick, kiongozi wetu. Akasema vipimo vya mzee Loth viwekwe kando, visihesabiwe, na mzee atoke kwenye utafiti. Sheria ni sheria. Nilimweleza Mama Agape huku nikitazama meza.

Hakulia. Alitoa chupa za dawa zilizobaki, zimefungwa kwenye kipande cha kitenge, akazipanga mbele yangu moja moja. Nikamwambia aliache na kopo, nitalitupa mimi.

Akalichukua, akalirudisha mkobani.

"Acha niende nalo," alisema. "Ndilo lililobaki la kumpa."