Kimeo Changu na Kikohozi cha Baba Mdogo

Mimi nilianza na toroli la mizigo pale Kaloleni, darasa la nne sikumaliza, leo nina Fuso tatu. Hakuna cha kunishangaza tena. Lakini mwaka jana niliingia sebuleni kwangu nikapokewa na harufu ya mafuta ya taa na majivu. Mzee mmoja alikuwa anapangusa kijiti chenye kitanzi, na binti yangu mdogo, aliyekuwa akikohoa kwa wiki kadhaa, amekalishwa mbele yake. Nilisimama mlangoni.

Harufu ile naijua. Kwetu Maji ya Chai, nikiwa mdogo sijaanza shule, nilikohoa tangu mahindi yanapandwa mpaka yanavunwa. Kaptula ikawa haikai kiunoni, jioni mwili unachemka. Mama akasema ni kimeo, kile kinyama cha kooni, kimerefuka. Fundi wa vimeo akaitwa, akakikata kwa kitanzi kama kile, akapaka mafuta ya taa na majivu, akaondoka na kuku wetu. Kikohozi kikabaki palepale.

Na nililala kitanda kimoja na nani? Baba mdogo, aliyerudi kutoka machimbo ya Mirerani na redio, viatu vya kung'aa na kikohozi cha kutikisa bati. Nani angemgusa? Sukari ya nyumba nzima alinunua yeye. Akikohoa yeye, vumbi la mgodi. Nikikohoa mimi, fundi!

Hospitali waliniambia niteme makohozi, nikatema mate, tukarudishwa. Tulipokwenda tena, nesi akamweleza mama kwamba mtoto mdogo makohozi huyameza. Kisha akauliza, "Nyumbani nani mwingine anakohoa?"

Mama akatazama sakafu. Kilikuwa kifua kikuu, mimi na baba mdogo. Mimi nilimeza dawa miezi mingi nikanenepa. Yeye alichelewa mno, tukamzika na viatu vyake.

Sasa mama yuleyule, mgeni wangu, ndiye aliyemwita fundi.

"Mama, kimeo changu mimi kiko wapi?"

"Si ulikatwa ukapona, baba?"

Nilimfukuza yule mzee, nikambeba mtoto hadi kwenye gari. Daktari akauliza swali lilelile la nesi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama alitazama sakafu. Mtoto hulala na bibi yake, na bibi anakohoa tangu alipofika, nasi kwa heshima tunasema ni moshi wa kuni.

Nilirudi nyumbani kumchukua mama, wote wawili wakapimwa, wakakutwa na kifua kikuu, wakaanzishiwa dawa. Nikatoa pochi imevimba, maana mimi silipiwi. Nesi akacheka, akasema dawa hizi ni bure. Nililipa maegesho tu: shilingi mia tano.