Upande wa Pili wa Santuri

Mkasa huu umenigharimu mbuzi wawili wenye macho yote manne (nimeyahesabu, na baba mkwe atayahesabu tena), na huenda ukanigharimu mke. Aibu yenyewe sina pa kuificha, maana Nyeri nzima wanaiimba.

Mimi kazi yangu ni kuchaji betri za gari. Kuna bendi ya vijana wa roki, nywele kama viota, waliokuwa wakikodi kwangu betri na amplifaya wakienda kupiga dansi kule Kerugoya kwenye ukumbi usio na stima, na walipotaka kwenda Nairobi kurekodi santuri bila nauli wala pesa za studio, wakanijia. Mpiga gita wao, Kariuki, ndiye hutunga kila kitu, wengine hufuata tu. Nikamwambia nitalipa, lakini kwenye ile karatasi ya katikati ya santuri, mahali pa mtunzi, liwekwe jina langu. Akafikiria, akakubali. Hapo ningeenda zangu nyumbani. Lakini mimi hata nikinunua viazi lazima niombe kimoja cha kuongezea, basi nikauliza, "Na upande wa pili?"

"Huo hata hujausikia."

"Niusikie wa nini? Si santuri ni moja? Weka jina huko pia, bei ni ileile."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Sawa, bosi. Hata huo chukua."

Siku ya kupeleka mahari kwa kina Wangari, mchumba wangu, kule Gatitu, nikabeba gramafoni, kwa sababu baba yake, Mzee Githinji, alikuwa ananiona mtu wa suruali zilizotobolewa na asidi, nami nilitaka ajue anapata mkwe msanii. Nikapiga upande wa kwanza, wa mapenzi. Wazee wakatikisa vichwa vizuri, nikaipitisha santuri mkono kwa mkono wasome jina. Mzee akaigeuzageuza.

"Hii kitu iko na pande mbili. Ama ya pili ni ya kupamba?"

"Hapana, mzee, ni yangu pia."

"Basi weka. Sisi hatuli mbuzi upande mmoja."

Nikaweka. Gita likalia, halafu sauti ya Kariuki, wazi kabisa, ikaanza kumsimulia mzee mmoja wa Gatitu asiyevua koti lake la kijani hata jua likiwaka, aliyemfukuza mchumba wa binti yake ati gita si shamba, ila mbuzi aliyeletwa na huyo mchumba akabaki naye, huku akilalamika kwamba ana jicho moja. (Mzee Githinji alikuwa na koti la kijani. Jua lilikuwa linawaka.) Ndipo nikajua aliyenitangulia katika nyumba ile ni nani. Nikanyoosha mkono nizime, mjomba wangu akanishika: "Wacha iishe, utaonekana mwoga." Na kibaya zaidi, huko jikoni kwenye moshi kulikuwa na mtu anaitikia kiitikio bila kukosea neno, na sauti ilikuwa ya Wangari.

Ningekana, ningekuwa mwongo mbele ya wazee waliokwisha kusoma jina.

"Ni wewe umetunga?" mzee akauliza.

"Ni mimi, mzee."

"Yote ni kweli. Isipokuwa yule mbuzi. Unasema alikuwa na jicho moja. Hata hilo hakuwa nalo."

Akanitoza mbuzi wawili wanaoona, kisha akaongeza kwamba siku ya arusi nimtungie wimbo mwingine, wa kumsifu, watu wote wausikie, la sivyo atarudi na binti yake nyumbani.

Mimi hata mluzi sijui kupiga. Nikarudi kwa Kariuki, pesa ndani ya soksi, nimepanga kuanza na bei ya chini kabisa. Akazikataa zote, na mtu anayekataa pesa huna pa kumshikia. Alisema atamtungia mzee wimbo wa kumliza, kwa sharti moja tu: aje auimbe yeye mwenyewe, na bibi arusi akae mbele.

"Kwani utakuwa unamwimbia mzee ama nani?"

"Si wewe ndiye mtunzi," akasema. "Sema wewe."

Arusi ni Jumamosi ijayo. Nyinyi mliokwisha kuoa, nishaurini upesi: nimwache aje, au nianze kujifunza gita leo?