Mbio za Machela

Juzi, kwenye benchi la hospitali ya Liuli, makarani wawili wenye redio mpya ya enzi hizi za ruksa ya kuagiza bidhaa walibishana mbele yetu: nani zaidi, mshindi wa mbio ndefu au aliyeruka angani?

Wakaingia wanaume wanne kutoka Ngumbo, waliopokezana njia nzima machela ya mjamzito. Mjamzito akaingizwa ndani. Mama mkwe wake alipoketi, karani mmoja akamgeukia.

“Shikamoo mama. Tuamulie.”

“Marahaba. Huyo wa angani alibebwa?”

“Na roketi.”

“Na mkimbiaji alimbeba nani?”

“Hakubeba mtu. Alikimbia peke yake.”

Mama akawatazama wale wanne, wamesimama wakijipepea kwa mashati. “Peke yake? Maskini!”

Ndani kichanga kikalia. Karani akazima redio, nasi wa kwenye benchi tukasimama, washindi wapate pa kukaa.