Mifuko Miwili ya Mwisho

Shangazi yangu ana miaka ishirini na sita katika chumba cha damu cha hospitali yetu. Wote humwita Mama Friji. Hatoi mfuko wa damu mpaka muuguzi asome kibandiko kwa sauti: jina la mgonjwa, kundi, namba. Ukinong'ona, unaanza upya. Wapo wanaomcheka. Wanaodhani ushujaa ni kupayuka jukwaani waje wamwone kazini.

Mchana mmoja ilibaki mifuko miwili tu ya kundi O. Wodini alilazwa muuza mbao mwenye vidonda vya tumbo. Alikuwa amepata choo cheusi, dalili ya kuvuja damu ndani, ila kiwango chake cha damu kilikuwa nane na presha ilikuwa imetulia. Wanawe walimganda daktari kijana hadi akamwandikia mifuko yote miwili.

Shangazi alipanda ngazi na ile karatasi mkononi. Alimuuliza daktari kwa upole kama mgonjwa bado anavuja. Hapana, dawa zilishamtuliza. Basi apimwe tena saa kumi, shangazi akasema. Akishuka chini ya saba, damu ataileta yeye mwenyewe, mbio. Daktari alifuta alichoandika, akashusha pumzi.

Mtoto mkubwa wa mgonjwa alimfuata shangazi hadi mlango wa wodi.

"Mama, hiyo damu ni ya kwako? Mbona unaibania hivyo?"

"Ni ya waliojitolea, mwanangu. Namtunzia anayekufa. Baba yako hafi."

Akamwita mchoyo mbele ya watu. Shangazi aliniambia baadaye kwamba alirudi kwenye friji yake akiwaza. Kama amekosea, mzee atakufa kwa neno lake.

Saa tisa akaletwa fundi viatu, anatapika damu, kiwango nne. Kundi O. Shangazi aliipima damu ya fundi na ile ya mifukoni, zikapatana. Muuguzi akasoma kibandiko, korido nzima ikasikia. Mifuko yote miwili ilimshikilia fundi hadi madaktari wakauziba mshipa uliokuwa ukivuja.

Saa kumi muuza mbao alipimwa. Nane ileile.

Kesho yake yule mtoto mkubwa alisimama mlangoni, amekunja mkono wa shati. Viatu alivyovaa vilishonwa na fundi yule.

"Nimekuja kukujazia friji, mama."

Kijana alipomaliza kutoa damu, shangazi alibandika namba kwenye mfuko, akamsogezea.

"Soma. Wakusikie hadi wodini."