Ngazi ya Atieno

Nakumbuka asubuhi moja kule nyumbani, karibu na Awasi, Atieno amesimama mlangoni kwangu na ngazi begani. Mwanangu, mimi na Atieno tulikuwa tumeolewa na ndugu wawili, boma moja. Tuliitana nyieka, ndivyo wake wa boma moja huitana kwetu. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenikanda. Nikigombana na bwana yangu, nilikuwa nalala kwake.

Basi mumewe akafa. Wazee wakaamua arithiwe na bwana yangu mimi. Na kwetu mjane asiyerithiwa, nyumba yake haitengenezwi. Paa livuje, kuta zianguke, hakuna anayegusa. Atieno akakataa katakata.

"Nyieka, siwezi kukuletea machozi nyumbani mwako," akaniambia. "Paa nitaziba mwenyewe. Wewe nishikie ngazi tu."

Ngazi tu, jamani! Tena moyoni nilikuwa namshukuru Mungu kwamba amemkataa bwana yangu. Lakini nikawaza wazee, nikawaza mama mkwe na ule mdomo wake. Nikasema nina malaria. Malaria gani! Nilirudi kitandani nikajifunika blanketi hadi kichwani, namsikia akigonga misumari peke yake, na watoto wake chini wakilia, "Mama, shuka!"

Hakuanguka. Alimaliza, akashuka. Boma zima likamnunia, nami nikanuna pamoja nao, mjinga mimi. Mwezi haukuisha, akachukua watoto akahamia Kisumu.

Mwaka jana nilimkuta huko Kisumu, mtaa wa Nyalenda, anauza samaki wa kukaanga. Nikaita, "Nyieka!" Akaniangalia vizuri, akatabasamu, akanifungia samaki wangu kwenye gazeti.

"Karibu tena, Mama," akasema, vile vile alivyomwambia mteja aliyenitangulia.

Nililia njia nzima, na yule samaki sikumla.

Mwanangu, mwanamke mwenzako akikuomba umshikie ngazi, toka ushike. Usingoje ruhusa ya wazee, wala usiangalie mama mkwe amekunja uso namna gani. Watakasirika, ndiyo. Wale niliowaogopa mimi wote tumeshawazika, na nyieka sina hadi leo.

Mungu akupe dada wa kukuita jina mnalolijua nyinyi wawili, na siku akija mlangoni kwako akukute umeamka. Nenda salama, mwanangu.