Celina na Nyumba ya Nyasi

Celina wa Gitobu hawezi kuona kitu kwa mtu bila kukitamani. Sisemi hivyo kwa ubaya. Tunauza ndizi pamoja sokoni Mitunguu, na mtu akimsengenya mbele yangu namkatiza. Lakini ukivaa leso mpya, atakuuliza umeinunua wapi kabla hajakuuliza umeamkaje.

Alitoka kwao Mikinduri akaolewa huku kwetu, na siku ile ile ya kwanza alinuna. Mama mkwe wake alikuwa anapika katika nyumba ya mviringo ya udongo na nyasi, na dada yake Celina alikuwa ameolewa penye mabati. Akavumilia hivyo miaka na miaka, akihesabu mabati ya watu. Mama mkwe alipofariki, Celina alimsumbua Gitobu mpaka ile nyumba ikabomolewa. Nguzo zake, za mti mgumu kabisa, ndizo zilizochemsha chai tuliyokunywa siku ya kufurahia nyumba yake mpya ya mabati ya bluu. Chai ilikuwa nzuri. Siwezi kudanganya.

Chini ya boma lake, ng'ambo ya mfereji, anakaa Kajuju. Mumewe alikufa kabla hajanunua hata bati moja, kwa hivyo Kajuju akabaki na nyasi zake. Kila baada ya mvua kubwa ungemwona juu ya paa akiziba. Celina naye, akipita na lishe ya ng'ombe kichwani, angepaza sauti isikike mpaka barabarani.

"Kajuju! Siku nikikosa majani naleta ng'ombe wangu hapo. Hiyo nyumba wataila wiki nzima!"

Kajuju alikuwa ameshika kamba kwa meno. Angejibu na nini?

Kisha akaja Mutwiri, kijana wa huku huku aliyesomea mambo ya utalii chuoni Nchiru. Alikuja kwenye mkutano wa chama chetu cha akina mama akatuambia wageni wanapita Nkubu, hapo karibu, kila siku wakienda kuangalia wanyama, na hakuna mtu anayewasimamisha. Tuwaonyeshe tulivyoishi: kusaga wimbi kwa jiwe, kuponda ndizi mpaka ziwe nkima, kusuka viondo. Kila mtu apate jasho lake, na kitakachobaki kilete maji kwenye zahanati. Wakati huo mwanamke akienda kujifungua pale alibeba mtungi wake wa maji kutoka nyumbani, na uchungu juu yake.

"Lakini nataka nyumba ya zamani yenyewe," Mutwiri akasema. "Si ya kuigiza."

Sote tuligeuka tukamwangalia Kajuju. Celina aliangalia viatu vyake.

Wageni wakaja kweli. Wazungu, na watu wa Nairobi waliovaa kofia kubwa kuliko za wazungu. Walimpiga Kajuju picha akisaga, akicheka, akifukuza kuku. Mmoja alishika ukuta wake wa udongo kama anashika shavu la mtoto. Celina alikuwa anaona yote kutoka kwake, juu pale, amesimama kwenye veranda na mikono kiunoni. Usingizi ukampotea. Alikonda, na Celina si mtu wa kukonda.

Siku moja aliwakamata wageni njiani kabla hawajafika kwa Kajuju, akawaingiza kwake kwa nguvu. Akawaonyesha viti vya sofa na vitambaa alivyovishona mwenyewe. Wakatazama kwa heshima. Mama mmoja akauliza choo kiko wapi, akaenda, akarudi, wakashukuru, wakateremka kwa Kajuju.

"Walikuja kwangu choo tu," aliniambia sokoni, machozi yakimlenga. "Choo, dada! Na mimi ndiye nilifundishwa mambo ya kale na mama mkwe. Huyo Kajuju anajua nini? Hakuwa na pesa ya mabati, basi!"

Nikamuuliza, "Na nguzo za mama mkwe ziko wapi?"

Akaanza kupanga ndizi zilizokuwa zimepangwa.

Maji yakafika zahanati. Tulipiga vigelegele, Celina pia, ingawa chake kilikatika katikati. Tukaanza kusema habari ya vitanda. Ndipo Kajuju akasimama mkutanoni, na yeye ni mtu asiyesimama.

"Mimi nabomoa," akasema. "Nimeweka jasho langu kidogo kidogo. Najenga mabati."

Kiende, mwenyekiti wetu, karibu aanguke kwenye stuli. "Kajuju dada yetu, na wageni?"

"Wakimaliza picha wanaenda kulala hotelini. Mimi nalala na moshi, na mvua ya mwezi wa nne inanipata kitandani."

"Na vitanda vya zahanati?"

"Kwani mimi ni sanamu? Nikae kwa nyasi mpaka nife ndio nyinyi mzae vizuri?"

Alikuwa na haki. Ndipo Celina akaruka kama aliyekalia siafu.

"Ijengwe kwangu! Nyumba ya nyasi ijengwe kwangu! Uwanja ninao!"

Hatimaye wageni wangeingia kwa lango lake. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitafuta duniani.

Gitobu, aliyekuwa amesimama mlangoni akimngoja, alishika kichwa. "Mwanamke wewe, ulinitoa jasho nikabomoa ya mama. Sasa nijenge nyingine?"

"Nyamaza, Baba Mukiri. Haya ni maendeleo."

Kiende akamwambia ukweli mapema. Nyasi zisizopata moshi zinaliwa na mchwa, na wageni si wajinga, nyumba isiyopikiwa wanainusa. Kama anaitaka, apike humo kila siku, ugali, chai, kila kitu. Celina alikubali kabla sentensi haijaisha. Alikuwa anaona picha tu, moshi hakuuona.

Tulijenga chama chote. Wengine tulikanda udongo, wengine tukafunga nyasi, na Kajuju mwenyewe akapanda juu kutuonyesha zinavyolazwa. Ilipokwisha, Celina akatoa kiberiti.

"Rudisha hicho," Kiende akasema. "Moto wa nyumba mpya hautoki dukani. Unatoka katika nyumba ya zamani, na mwenye nyumba mpya ndiye anauomba."

Nyumba ya zamani ilikuwa moja tu, na ingebomolewa kesho yake. Celina alichukua kigae akateremka, akavuka mfereji, sisi nyuma yake kama watu wa mazishi. Kajuju alikuwa ametangulia, ameketi karibu na mafiga yake.

"Karibu, Mama Mukiri. Kuna nini?"

"Nimekuja kuomba moto."

"Kuomba nini?"

"Moto."

"Aiya! Na ile gesi yako imeisha?"

"Haijaisha, Kajuju. Nipe moto."

Kajuju hakuharakisha. Alichagua makaa moja moja, kama mtu anayechagua nyanya. Akayaweka kwenye kigae, akayapuliza, akampa kwa mikono miwili.

"Chukua, mama. Na jioni ufunge ng'ombe wako vizuri. Wasije wakaila nyumba."

Tulicheka mpaka Kiende akakaa chini. Celina hakucheka, lakini makaa hakuyatupa. Aliyapandisha mlima huo mdomo umefura, akiyakinga upepo kwa leso yake mpya.

Sasa wageni wanaingia kwake. Anasaga, anaponda, anaeleza mambo ya mama mkwe, na mengine anayatunga. Wanampiga picha mpaka anachagua upande wa uso. Juzi mama mmoja alitoka nje akikohoa, akafuta macho, akaangalia ng'ambo ya mfereji.

"Ile nyumba nzuri ya mabati mekundu ni ya nani?"

Kajuju alikuwa kwenye veranda yake, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi. Celina alitazama pale kwa muda mrefu, macho mekundu kama yale mabati, majivu kwenye nyusi.

"Ni ya jirani tu," akasema.

Wageni walipoondoka alimwita mumewe. "Gitobu! Umeona mabati yetu yalivyopauka?"

Gitobu hakuitika. Alikuwa ameteremka kwa Kajuju kunywa chai, kule kusiko na moshi.