Bei ya Mabati Kumi

Duka letu la vifaa vya ujenzi liko Kebirigo. Mwaka huo mshindani wetu alibandika bei bila kodi, wateja wakamfuata. Nami nikabadilisha zangu. Kodi ingeongezwa kwenye kaunta, nikijiambia kwamba kueleza hakunishindi.

Ijumaa moja alasiri, wingu jeusi likiwa limekaa juu ya mashamba ya majani chai, aliingia mama mzee jirani yetu wa kanisani. Siku iliyotangulia alikuwa ameisoma bei ya bati mwenyewe, akaizidisha mara kumi. Asubuhi hiyo fundi alikuwa ameshang'oa mabati yaliyooza juu ya chumba cha binti yake, aliyejifungua wiki mbili nyuma.

Nilipompa jumla, alirudi hadi kwenye rafu, akaiangalia ile karatasi ya bei.

"Mwanangu, hii karatasi yako inasema uongo ukiwa umesimama kando yake?"

"Hapana, mama. Hiyo ni bei ya bati. Kodi ni ya serikali, tunaiongeza hapa."

"Na serikali imekuja lini? Jana sikuiona."

Tulicheka. Nikachukua kalamu, nikamwonyesha polepole, hatua kwa hatua, mpaka akatikisa kichwa kukubali. Pesa za mabati kumi zilinunua manane, zikabaki za misumari. Nilifurahi kwamba ameelewa. Sikumwambia achukue yale mawili alipe baadaye. Maelezo yangu yalikuwa yamenyooka mno hata wazo hilo halikunijia.

"Nifunike wapi, nisifunike wapi?" alijiuliza akitoka.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Sisi Wasabato hufunga mapema, wala hatuuzi mpaka Jumapili. Yeye naye hawezi kumpandisha fundi juu ya nyumba siku ya Sabato. Nilikuwa nikitia kufuli mvua ya mawe ilipoanza. Nilisimama nikaisikiliza ikipiga paa letu, zima.

Jumapili alfajiri nilibandika bei mpya, kodi ikiwa ndani. Mteja wa kwanza alikuwa yule fundi.

"Mabati mawili."

"Mama hajambo?"

"Yuko hospitali na mjukuu. Maji yaliingilia upande wa kitanda. Mtoto anapumua kwa shida."

Aliisoma karatasi, akaigusa kwa kidole.

"Hii ndiyo bei yote?"

"Ndiyo yote."

"Ungeiandika Alhamisi," alisema, akayabeba mabati kichwani.